Mpimaji na Gunia la Mama

Vidole vyake vilinukia maharagwe yaliyolowekwa. Hata Jumapili akitoka misa, ukimpa mkono ulibaki na ile harufu ya kitambaa kibichi na mbegu inayopasuka. Mama alisema harufu hiyo haitoki kwa sabuni kwa sababu si uchafu, ni kazi. Hapa mtaani kwetu Nyamirambo hakuna aliyemwita kwa jina. Watu wazima walimwita Mpimaji. Mimi mbele yake nilisema Bibi, lakini humu daftarini nasema Mpimaji, kwa sababu humu sina haja ya kuinamisha kichwa.

Alikotoka kabla ya kuhamia nyumba inayopakana na yetu sikuwahi kuuliza. Najua tu kwamba alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya mbegu, wakampumzisha, akaja na beseni sita za enameli, bambo moja na goti bovu. Huo ulikuwa mwaka wa 1990. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimeshaanza tabia yangu ya kujibu watu kwa mabega.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila muuzaji wa mbegu za maharagwe pale soko la Nyabugogo huapa kwamba katika mbegu kumi, tisa zitaota. Ni kiapo cha soko. Mwenye maharagwe ya msimu uliopita anaapa, na mwenye maharagwe yaliyokaa darini miaka mitatu anaapa vilevile, tena kwa sauti zaidi. Wanunuzi wanaotoka milimani walitaka mtu wa kuwaambia nani anaapa kweli, na mtu huyo akawa jirani yetu. Kabla ya kila msimu wa kupanda, alipata mfuko mdogo wa mbegu kutoka kila gunia. Alihesabu mbegu mia moja bila kuchagua, akazipanga juu ya kitambaa chenye maji, akakunja, akaweka kwenye beseni, akasukuma chini ya kitanda. Siku ya nane alikunjua na kuhesabu zilizoota. Zikiwa themanini na tano au zaidi, muuzaji alipewa utepe wa kitenge cha kijani, akaufunga shingoni mwa gunia. Zikiwa themanini na nne au chini, hakupewa kitu. Gunia lenye shingo tupu lilijisemea lenyewe. Malipo yake yalikuwa bakuli moja la maharagwe ya kupika.

Alihesabu kwa makumi, kama rozari, midomo ikicheza bila sauti. Ukimwamkia katikati alirudi mwanzo, na kabla ya kurudi mwanzo alikutazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia shambani. Hata baba paroko alipokuja siku moja kumwona, alisimama mlangoni amevua kofia mpaka zikafika mia.

Watu walidhani mwanamke wa namna hiyo ni mgumu kila mahali. Si kweli. Sokoni nyanya alizinunua bila kuzigeuza, akapata zilizooza kila wiki kutoka kwa mama yuleyule, na wiki iliyofuata akarudi kwake. Nilipomwuliza sababu alisema, “Ana watoto wengi, hana muda wa kuchagua.” Kwenye igisoro, ule mchezo wetu wa kete na mashimo, alikuwa mwizi. Alificha kete mbili kwenye mkono wa sweta, na alivaa sweta mbili hata wakati wa jua kali, nafikiri kwa ajili hiyo. Siku moja nilimshika. Hakuona haya hata kidogo.

“Bibi, unaiba!”

“Hapa hakuna mkulima,” akasema, akaendelea kucheza.

Ilinichukua muda kuelewa jibu lile. Alimaanisha kwamba hapa hakuna mtu atakayelala njaa kwa sababu ya kete. Udanganyifu kwake haukuwa dhambi ya jumla kama wanavyotufundisha shuleni. Aliuliza kwanza nani ataumia.

Mimi nilikuwa ninakwenda kwake kwa sababu ya hesabu. Darasani siwezi kunyoosha mkono. Mwalimu wetu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, anarusha sarafu, anauliza, na mimi jibu ninalo lakini linakaa kooni mpaka mwingine analisema. Nilipoanza kusoma habari za bahati na vipimo sikuelewa kitu, nikapeleka daftari langu kwa Mpimaji. Akalitazama, akalifunga.

“Hiyo sarafu nani ataila?” akasema. “Kaa hapa.”

Akanipa mfuko wa maharagwe mchanganyiko, mekundu, meupe, yenye madoa, kama wanavyopanda watu wetu.

“Muuzaji anasema tisa kwa kumi. Kwanza mwamini. Basi katika mia utegemee ngapi?”

“Tisini.”

“Zikiota themanini na nane, ni mwongo?”

Nikainua mabega.

“Mabega hayahesabu. Sema.”

“Labda si mwongo.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu... mkono ungeingia upande mwingine wa mfuko, ungetoka na nyingine.”

“Haya. Ni bahati ya mkono. Na zikiota hamsini?”

“Hapo ni mwongo.”

“Basi kati ya themanini na nane na hamsini kuna mahali ambapo unaacha kumwamini. Mahali hapo ndipo mpaka. Na mpaka unawekwa kabla ya kukunjua kitambaa. Ukiuweka baada ya kukunjua, unaweka pale roho yako inapotaka.”

Mpaka wake wa themanini na tano aliutoa kwenye jedwali la maabara, karatasi iliyokatika mikunjoni ambayo aliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Alinieleza kwamba muuzaji mkweli hushuka chini ya hapo mara chache sana. Katika magunia mia ya watu wakweli, yataanguka kama manne tu.

“Na hayo manne, Bibi?”

“Hayo nayaonea,” akasema, kama mtu anayesema chai haina sukari. “Hilo ni kosa la kwanza, kumwangusha mkweli. Kosa la pili ni kumpitisha mwongo. Gunia linaloota nane kwa kumi si gunia la mbegu. Lakini ukiniletea magunia mia ya namna hiyo, kumi na mawili au kumi na matatu yatapita mbele yangu na utepe nitayapa.”

“Si upandishe mpaka?”

“Nikiupandisha, waongo wanaopita watapungua, na wakweli ninaowaonea wataongezeka. Nikiushusha, kinyume chake. Ni mlango mmoja. Ukiupanua kwa ajili ya mbuzi wako, wa jirani naye anaingia.”

“Na ukipima mbegu mia tatu badala ya mia?”

Hapo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nafikiri ndiyo siku aliyonipenda.

“Makosa yote mawili yangepungua,” akasema. “Lakini beseni ni sita. Na kitanda ni kimoja.”

Alikuwa na misemo yake. “Kosa la kwanza lina mdomo, la pili ni bubu,” alipenda kusema, kwa sababu muuzaji aliyeonewa anakuja mlangoni kupiga kelele, lakini mkulima aliyeuziwa mbegu mbaya yenye utepe haji. Anasimama shambani, anaona mashimo matupu, analaumu mvua. Halafu analaumu ndege. Mwisho anajilaumu mwenyewe. Jina la Mpimaji halimjii akilini.

Msemo mwingine aliusema mara moja tu. Wakati huo vita vilikuwa kaskazini, na magunia yaliyotoka huko yalisimamishwa kwenye vizuizi. Askari walikuwa wanayachoma kwa nondo kutafuta silaha. Karani mmoja (ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Nyabugogo) alileta gunia lenye matundu tisa, maharagwe yanadondoka njia nzima. Akamtania Mpimaji, “Bibi, huyu askari ni mwenzako. Naye iko na bambo.”

Bambo ni kile chuma chenye mfereji ambacho ukikichomeka kwenye gunia kinatoka na mbegu za ndani. Mpimaji akalichukua lake ukutani, akaligeuzageuza.

“Chuma ni kimoja,” akasema. “Lakini yule anaanza kwa kutokuamini, mimi naanza kwa kuamini. Mimi si mwenzake.” Akaenda kutafuta sindano ya kushona gunia.

Sasa niandike habari ya Mama.

Mama anauza mbegu Nyabugogo, kwenye safu ya mbegu, nafasi ya tatu ukiingia kutoka upande wa magari. Safu ile ina desturi yake. Ukikaa msimu mmoja bila utepe, wanakuvumilia. Ukikaa misimu miwili, wanakuhamishia safu ya maharagwe ya kupika, kule chini karibu na mfereji wa maji machafu, na nafasi yako anapewa mwingine. Aliyehamishwa sijasikia amerudi. Jamaa wanasema mtu akinuka mfereji, mbegu zake hazinunuliki tena.

Mwezi wa tisa mwaka 1992 Mama alikuwa na gunia moja alilolichagua mwenyewe, mbegu moja moja, akiwa amekaa mkekani wiki mbili. Nilimsaidia kutoa zilizotobolewa na wadudu. Siku ya nane tulikwenda pamoja kwa Mpimaji, yeye mbele, mimi nyuma. Kitambaa kilikuwa kimekunjuliwa mezani.

“Themanini na nne,” akasema Mpimaji.

Mama akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa majirani. Kisha akainama juu ya kitambaa. “Na hii?”

“Hiyo imepasuka. Haijatoa mzizi.”

“Mpe mpaka kesho, itatoa.”

“Kesho ni siku ya tisa.”

“Mama wewe! Moja tu! Sisi tunachota maji bomba moja!”

“Ndiyo. Na maji ni matamu, namshukuru Mungu.”

“Basi pima tena. Gunia ni lilelile, nakuletea bakuli lingine sasa hivi.”

“Nikikupimia wewe tena, nitampimia kila mtu tena. Mtu anayepimwa mpaka apite hajapimwa.”

Mama akajinyoosha. Aliongea taratibu, na mimi ninajua akiongea taratibu ni hatari. “Miaka tisa niko pale. Hakuna mkulima hata mmoja amerudi na maharagwe yangu mkononi.”

“Miaka yako siwezi kuipima,” akasema Mpimaji. “Nimepima mia.”

Mama hakugonga mlango ule tena kwa muda mrefu. Msimu ule alikaa kwenye nafasi yake ya tatu na gunia lenye shingo tupu. Wanawake wa milimani waliomjua walikuja, wakatazama shingo ya gunia, wakauliza habari za watoto, wakaenda kwa jirani yake. Jirani huyo ni mzee mmoja anayevaa kofia ya ngozi wakati wote, nasi humwita Kofia. Yeye alikuwa na utepe.

“Mama Mbegu,” akamwambia mbele ya watu, “leo tunauza supu?”

Watu wakacheka. Mama akaanza kupima maharagwe yake kwa bakuli, ya kupika, kwa wanawake wa mjini ambao hawakujua kwamba wanapeleka jikoni mbegu zilizochaguliwa moja moja.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliandike hata kama linanionyesha vibaya. Tangu goti lake liharibike zaidi, Mpimaji alikuwa haendi tena sokoni kuchoma magunia mwenyewe. Alipokea mifuko iliyoletwa na makarani, akaandika jina waliloambiwa walitaje. Mimi nilikuwa nafanyia kazi za shule kwenye ngazi yake. Wiki ile kabla ya siku ya Mama, karani mmoja alileta mfuko ulioshonwa kwa uzi wa buluu, mshono mbaya kama tandu anayetembea. Akataja jina la mzee fulani. Baada ya siku tatu karani mwingine akaleta mfuko wenye tandu yuleyule, akataja jina la mama fulani. Nikaona. Nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Halafu Mama akaanguka. Siku moja baadaye akaja karani wa tatu, mfuko uleule, tandu wa buluu, jina la tatu. Safari hii sikunyamaza kwa aibu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mtu amdanganye yule bibi. Nilifurahi. Mfuko wa kwanza ulitoa sabini na tisa, wa pili themanini na moja, wa tatu themanini na sita. Utepe ukatolewa. Kesho yake niliuona Nyabugogo, shingoni mwa gunia la Kofia.

Mama hakuyauza yote kwa supu. Bakuli moja alilipeleka kwa shangazi yangu, ambaye ana shamba upande wa Kimironko, akachimba mashimo mia mbili kwa mistari, kila shimo mbegu moja, kama mtu anayeiuliza ardhi swali. Baada ya wiki mbili alinituma nikahesabu, yeye mwenyewe hakutaka kwenda. Nilihesabu kwa makumi, midomo ikicheza. Shangazi alidhani ninasali. Yalikuwa yameota mia na themanini na tatu.

Ni zaidi ya tisa kwa kumi. Mama hakuwa amesema uongo.

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kufua. “Na msimu ujao?” nikamwuliza. “Utampelekea?”

“Afadhali mfereji,” akasema.

Nilikaa siku nne na ile namba. Siku ya tano nikaenda kwa Mpimaji, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza beseni moja. Nikamwambia, mia na themanini na tatu katika mia mbili. Aliuliza nani alihesabu. Aliuliza kama ndege walifukuzwa, kama shimo lilikuwa na mbegu moja au mbili, kama palikuwa na mashimo niliyoyaruka. Nikajibu yote.

“Basi ni mmoja wa wale wanne,” akasema.

“Wale wanne kwako hawana majina, Bibi,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. “Huyu ni Mama. Msimu ujao bila utepe wanampeleka kwenye mfereji.”

Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima. Kwa kuwa mlango wa mdomo ulikuwa umefunguka, ile ya pili ikatoka nayo: uzi wa buluu, makarani watatu, gunia la Kofia. Mpimaji akaweka kikombe chini.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu mfuko wa pili.”

“Na hukusema.”

“Mimi sisemi.”

“Naona. Na mfuko wa tatu?”

Nikamwambia ukweli. “Nilifurahi.”

Nilingoja anifukuze. Alichukua ile karatasi ya jedwali kwenye kitabu cha nyimbo, akaitazama mbele na nyuma, ingawa nyuma hakuna kitu.

“Basi tumekosa wawili,” akasema. “Mimi nimesema kisichokuwapo. Wewe hukusema kilichokuwapo.” Kisha akaongeza, “Lakini mimi nimeizembea kazi. Mtu akileta gunia moja mara tatu, si gunia moja tena, ni bahati tatu. Hilo ningeliona, kama ningekwenda mwenyewe.”

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kabla ya kupanda, alishuka Nyabugogo. Kutoka kwetu ni mteremko mtupu. Nilimshika mkono, mkono mwingine ulikuwa na fimbo, na bambo lilikuwa limefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Njiani alisimama mara saba. Alipofika safu ya mbegu akaomba kiti, akakataa kukaa, akashika mgongo wa kiti.

“Msimu uliopita niliangusha gunia la mama huyu,” akasema, akamwonyesha Mama. “Lilikuwa gunia zuri. Mkono wangu haukukosea kuhesabu. Kipimo chenyewe kilimwonea. Kipimo ni changu, kwa hiyo ni mimi niliyemwonea.”

Akabadili mguu, akaendelea.

“Tena mjue, si mara ya kwanza. Katika wakweli mia, huwa naangusha kama wanne. Na waongo wengine wananipita. Kuanzia leo nachoma magunia mwenyewe, juu, katikati na chini, na gunia nikilichoma sitalichoma mara ya pili.”

Kofia akawa wa kwanza kuongea. “Wanne? Basi mimi mwaka juzi nilikuwa mmoja wao!”

“Na mimi!” akasema mwingine.

“Mimi mara mbili!”

Wakacheka, lakini walikuwa wanasema kweli kwa namna yao. Kila aliyewahi kuangushwa siku ile akawa mmoja wa wale wanne. Wanne wakafika kumi na saba, niliwahesabu. Kofia akashika ule utepe wake wa zamani, akaupunga hewani. “Kumbe Bibi, hii ni kitenge tu?”

“Ni kitenge tu,” akasema Mpimaji. “Siku zote kilikuwa kitenge tu.”

Nikamgeukia Mama. Nilimwona anatazama goti la Mpimaji, lililokuwa limevimba chini ya sketi. Kisha akavuta gunia lake jipya mpaka mbele ya kiti, akalilaza.

“Choma,” akasema.

Gunia lile lilitoa tisini na moja. Mama akabaki nafasi ya tatu. Ile desturi ya misimu miwili haikumgusa.

Msimu uleule mwanamke mmoja wa milimani alikuja kununua kwa Mama. Mwaka uliotangulia alinunua kwa Kofia, gunia la utepe. Akamweleza Mama habari za shamba lake, mashimo mengi matupu, akahitimisha, “Mvua imenidanganya.” Mama akanitazama. Mimi nikatazama gunia la Kofia. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ndogo lakini nikamwambia, kwamba haikuwa mvua.

Nikiandika haya kama hadithi ya shule ningesema soko lilimheshimu Mpimaji zaidi baada ya siku ile. Halikumheshimu. Wauzaji walitaka mtu asiyekosea, na alipowaambia anakosea mara ngapi waliona amewakosea adabu. Pia, kuchoma magunia mwenyewe kulimaliza ujanja wa mifuko, na ujanja wa mifuko haukuwa wa Kofia peke yake. Akatokea kijana mmoja mwenye muhuri na wino wa zambarau. Anapiga muhuri kwenye gunia papo hapo, bila kungoja siku nane. Wanasema hajawahi kumwonea mtu, na ni kweli, kwa sababu hajawahi kumwangusha mtu. Nilipomweleza Mpimaji alicheka mpaka akakohoa. “Huyo kosa la kwanza amelimaliza kabisa!” akasema. “Nimpe hongera.”

Kufikia mwisho wa mwaka jana beseni tano zilikuwa zimeinamishwa ukutani, na moja ndiyo ilikuwa chini ya kitanda. Ilikuwa ya Mama. Wanawake wachache wa milimani bado wanatafuta utepe wa kijani, na wanaupata kwenye nafasi ya tatu tu.

Sasa mwezi uliopita, huu mwaka wa 1994. Mama alikuwa amenunua gunia zuri la maharagwe ya aina inayotambaa juu ya vijiti, mekundu yote. Mpimaji hawezi tena kushuka Nyabugogo, kwa hiyo Mama alilileta juu kwenye toroli, likachomwa sebuleni. Siku ya nane nilipewa kazi ya kwenda kuchukua jibu. Nilimkuta amekaa mbele ya kitambaa, na nilijua kuna kitu, kwa sababu aliniambia nikae kabla sijaamkia.

“Nimehesabu mara mbili,” akasema. “Mara ya pili sikupaswa.”

“Ngapi?”

“Themanini na mbili.”

Kitambaa kilikuwa pale mezani, mbegu zenye mikia myeupe na zile zisizo na kitu. Ningeweza kuhesabu mara ya tatu. Sikuhesabu. Alikuwa amebaki na mteja mmoja tu duniani, na amemwangusha. Vidole vyake vilikuwa vinacheza na ncha ya kitambaa.

“Labda ni wale wanne, Bibi.”

“Labda. Labda si wao. Hilo kitambaa hakisemi.” Akanitazama. “Nenda ukamwambie. Usiinue mabega.”

Nilimkuta Mama uani. Nikasema namba. Alisimama kidogo, mikono kiunoni, akilitazama gunia lake jekundu. Nikamwuliza kama tupande mia mbili kwa shangazi tuone.

“Ukipanda kila lililoanguka,” akasema Mama, “utakula nini?”

Akafungua gunia, akachota bakuli, akamwaga kwenye sufuria. Kwa yaliyobaki akaandika kwa chaki juu ya gunia, kupika. Kisha akasema, “Kamwambie kesho naleta lingine.”

Jioni alinituma na sahani. Mpimaji alikula polepole, kwa kijiko, akitafuna kila punje kama anaihoji. Nilikaa ngazini kama zamani. Darasani bado sinyooshi mkono, nisidanganye, lakini pale nilimwuliza bila kuulizwa.

“Vipi, Bibi?”

“Haya,” akasema, “kwa sufuria yamepita.”

Akafuta sahani kwa kidole, kile kidole chenye harufu yake, akanirudishia. Akaniambia Mama alete gunia mapema asubuhi, kabla ya jua, maana beseni tano zilizolala zinahitaji kuoshwa, na mara hii anataka kupima mbegu mia tatu badala ya mia. Nafasi chini ya kitanda, alisema, sasa ipo.